Nchi ya Mwezi Huu ni Moroko

Katika kanisa la Wakongomani waliohamia Saint Paul, mji wa ng'ambo wenye theluji, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mtu mmoja husimama akaitambulisha nchi ya kuombewa. Februari ile zamu ilimwangukia Murhula, na nchi aliyopangiwa ikawa Moroko. Angeweza kukataa. Lakini jina hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu Novemba kama mwiba wa samaki.

Mdogo wake, Janvier, alikuwa huko. Faili lake la kuja kuungana nao lilipokwama, aliiacha kambi ya wakimbizi Uganda akashika njia ya kaskazini, akavuka jangwa hadi Tanja. Kwenye simu alimwapisha kaka yake, ambaye humwita Yaya: "Yaya, Mama asijue mpaka nivuke bahari. Presha itamuua." Kisha simu ikazimika. Mama yao, Donatille, aliamini mwanawe yuko kambini bado, mtandao tu ndio mbovu. Murhula akirudi kutoka kazini, kwenye ghala la Eagan, hata salamu hapati. "Amepiga?" ndilo neno la kwanza.

Sasa alisimama, karatasi mkononi.

"Moroko iko pembeni kabisa, kaskazini-magharibi ya Afrika. Inatawaliwa na mfalme. Mji mkuu ni Rabati, si Kasablanka kama mnavyodhani. Wanasema Kiarabu na Kiamazigh..."

"Fupisha, mshairi, sombe inapoa!" Rafiki yake Niyibizi alipaza sauti kutoka nyuma, karibu na sufuria za kisamvu.

"Kuna milima ya Atlasi, na huko juu theluji inaanguka."

"Theluji, Afrika?" mzee mmoja akaguna. "Kumbe hata kwetu ilikuwa inatuvizia!"

Watu wakacheka. Murhula akapata moto, akaisahau karatasi. "Bahari kati yao na Hispania ni nyembamba, kilomita kumi na nne tu. Na chai yao ya mnanaa, jamani, ina sukari mpaka kijiko kinasimama wima kama askari aliyesahauliwa zamu!"

Kicheko kikalipuka. Mama Donatille peke yake hakucheka.

Askari aliyesahauliwa zamu. Hivyo ndivyo Janvier alivyoutania uji wa mama yake tangu akiwa na miaka sita, na hapakuwa na mwingine duniani aliyesema hivyo. Murhula aliyaona macho ya mama yake, akajua ulimi umemponza: maneno hayo ya chai aliyapata kwa Janvier, kwenye simu ile.

Mchungaji Rigobert akauliza swali la desturi: "Nani ana mtu wake katika nchi hii? Asimame, tumwombee kwa jina."

Murhula akatazama viatu vyake. Kiapo ni kiapo. Mbele yake kiti kikalia.

"Mimi," alisema mama yake. "Nina mtoto huko. Anaitwa Janvier." Kisha, kwa sauti ya chini: "Murhula, hiyo bahari ulisema kilomita ngapi?"

"Kumi na nne, Mama."

"Ni kama wapi?"

"Kama kutoka hapa mpaka Woodbury."

"Basi si mbali," akasema.

Kanisa likaomba, likasema amina, likaketi. Mama Donatille akabaki amesimama.