Nusu Tisa za Mkate

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 14 Februari 1995, fundi wa sauti aliyeitwa Shabtai alichomoa plagi ya friji jikoni kwa Perla Weinfeld, ghorofa ya tatu, mjini Haifa. Kisha akafungua friza na kuweka humo funguo za gari lake. Mngurumo wa friji huharibu sauti ya filamu, na fundi aliyeacha funguo zake ndani hawezi kuondoka akasahau kuiwasha tena.

Ndani ya friza alikuta nusu tisa za mkate, kila moja imefungwa kwa kitambaa.

“Bibi Perla, vita inaanza kesho na mimi sijaambiwa?”

“Weka funguo zako ufunge. Tumbo lote hilo litajua nini kuhusu mkate?”

“Huwa linafunga. Kila mwaka, Siku ya Upatanisho.”

“Na saa sita mchana ushafika jikoni kwa mama yako, unachungulia sufuria.”

Nurit, mwongozaji wa filamu, alicheka, akamkalisha Perla mezani akiielekea kamera. Perla alikuwa na miaka sabini. Alikuwa ameisimulia habari yake shuleni mara thelathini na nne, na kila mara kwa maneno yale yale. Treni iliyowabeba ilifika kwenye kambi ya mauaji ya Wanazi siku ya pili ya Pentekoste ya Wayahudi, mwaka 1944. Mama yao alikuwa amebeba bunda la nguo. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wake Gitta kumi na mitatu.

“Wakatutenganisha,” alisema Perla.

Aliposema hivyo Gitta aliingia kutoka ukumbini. Alikuwa amevaa koti la kijivu lenye mikono mifupi, kwa sababu alikuwa amerefuka mno majira yale ya baridi. Nywele zake zilikuwa na vumbi la behewa. Alisimama kando ya meza na kumtazama dada yake.

“Mtoto amesimama kwenye waya wa kipaza sauti,” alisema Shabtai.

“Sogea kidogo, mama,” Nurit alimwambia Gitta. Gitta hakuelewa Kiebrania, lakini aliona mkono wa Nurit, akasogea.

Kisha akauliza kwa Kiyidi, lugha ya nyumbani kwao, “Dada, niende wapi?”

Perla alinyanyuka, akafungua friza, akatoa nusu moja ya mkate na kumpa.

“Nenda na mama,” alisema. “Mpelekee huu.”

Gitta aliutia mkate ndani ya koti, akatoka kwa mlango wa mbele. Aliufunga taratibu, kama walivyofunzwa nyumbani kwao.

Nurit alisimamisha kamera. Aliuliza mtoto amesema nini, na Perla akamtafsiria. Halafu akaeleza jambo ambalo hakuwa amelisema katika shule zile thelathini na nne. Hakuna askari aliyewatenganisha. Gitta alikuwa mrefu kumzidi Perla, na mfungwa mmoja aliyekuwa akishusha mizigo aliwapita akinong’ona kwamba mtoto aseme ana miaka kumi na saba, ili awekwe na wa kufanya kazi. Perla alimsikia. Lakini aliona mstari wa mama yao una wazee na watoto wachanga, akadhani wa mstari ule watapewa maziwa na kazi ya kukaa. Ndipo akauachia mkono wa Gitta, akampa nusu ya mkate uliobaki.

“Jina lake limeandikwa mahali?” Nurit aliuliza.

“Wa mstari ule waliuawa siku ile ile, hawakuandikwa. Walioandikwa ni sisi.”

“Picha?”

“Zilibaki ukutani nyumbani. Walioingia nyumba yetu walitaka fremu.”

Nurit aliirudisha kanda nyuma wakaitazama kwenye kioo kidogo cha kamera. Gitta alionekana vizuri: kisogo, nywele, na kitambaa cha mkate kikichungulia kwenye koti. Perla alitazama mara mbili.

“Turudie,” alisema. “Safari hii nitamwambia akae.”

Walirudia. Perla alipofika pale pa kutenganishwa Gitta aliingia, akauliza aende wapi, na Perla akafungua kinywa.

“Nenda na mama. Mpelekee huu.”

Jumanne walipiga picha mara mbili, Jumatano mara nne. Jumatano Nurit aliihamisha kamera upande wa dirishani ili uso wa mtoto uonekane, na ukaonekana. Usiku ule Perla aliandika maneno kwenye kadi: Kaa na mimi. Sema una miaka kumi na saba. Aliyasema akiosha vyombo, akayasema akisuka nywele zake. Alhamisi asubuhi alimsomea Shabtai bila kukosea.

“Umeiva, bibi,” alisema Shabtai.

“Nilikuwa wa kwanza darasani kwa kukariri. Gitta alikuwa wa mwisho. Alikuwa akiambiwa jambo mara moja tu, analifanya, halafu analisahau.”

Kadi ilikuwa mezani mbele yake. Gitta aliingia, akauliza. Perla aliitazama kadi.

“Nenda na mama,” alisema.

Mara ya tisa hakunyanyuka kwenda kwenye friza. Aliishika meza kwa mikono miwili. Gitta alingoja, kiganja wazi, kama dakika nne; kanda inaonyesha dakika nne na sekunde kumi na moja. Mwisho Perla alitoa nusu iliyobaki.

“Mpelekee huu,” alisema, na mlango ukafungwa taratibu.

“Tunazo za kutosha,” alisema Nurit. Alikuwa na kanda tisa za jambo moja, na filamu ilitakiwa iwe ya dakika hamsini na mbili.

“Nyinyi mnazo,” alisema Perla. “Mimi sina.”

Shabtai alirudisha plagi ukutani. Alipofungua friza hakukuta kitu isipokuwa funguo zake. Alimuuliza Perla kama amletee mkate kutoka bekari ya pale chini. Perla alisema atakwenda mwenyewe. Shabtai hajui kuchagua, atamletea wa jana.

Ijumaa alikwenda. Muuza mkate anakumbuka kwamba alinunua mikate mitano na kuomba yote ikatwe nusu. Jumamosi, siku ya sabato, hakugusa swichi wala plagi.

Jumapili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, bwana Hirsh wa ghorofa ya pili, ambaye jiko lake liko chini ya jiko la Perla, alikuwa akinywa chai. Alisikia friji ya juu ikinyamaza. Baadaye kidogo alisikia nyayo nyepesi zikielekea mlangoni, na mlango ukifungwa taratibu.