Hitima ya Bi Mwanarehema

Tanzia ya Bi Mwanarehema wa Likoni ilimfikia Swabra kwa simu, maziko yashapita. Mtu mwenye haya zake angevuka feri siku hiyo hiyo akatoe mkono wa tanzia. Swabra hakwenda. Angeingiaje nyumba ile, naye hajaikanyaga tangu apewe cheo cha naibu mkuu wa chuo?

Na chuo chenyewe kilitokana na bibi huyo. Zamani, msichana wa Kisauni akimaliza shule alikuwa wa kungoja posa tu. Bi Mwanarehema akalitoa wakfu shamba lake la minazi wajengewe chuo wasichana hao, nduguze wakamwita mwendawazimu. Swabra alisoma hapo bila kulipa, na kila Idi akivuka kwenda kumwamkia. Kisha akapata cheo, na cheo kina shughuli nyingi, au ndivyo alivyojiambia.

Basi akaona aifunike aibu kwa hitima. Akaiandaa ya nguvu, uani mwa chuo: majamvi, ubani, masufuria ya pilau, na tangazo hadi misikiti ya Likoni. Wanawake wakagawana juzuu. Swabra akashika kipaza sauti, akamlilia marehemu kama mama yake mzazi, akasema hakumtupa hata siku moja. Alisema hivyo, misahafu imefunuliwa mbele yake.

Amin zikaitikwa. Moja ilitoka nyuma, nzito, ya kizee, na Swabra aliijua kabla hajainua uso. Bi Mwanarehema alikuwa ameketi jamvini karibu na mlango, ubavuni mwa mjukuu wake Salme. Aliyekufa Likoni alikuwa Mwanarehema mwingine. Aliyetuma tanzia hakuulizia, na Swabra naye hakuulizia.

Swabra alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwendea, akapiga magoti, akamshika mkono.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia ikitangazwa msikitini kuwa nasomewa hitima, nikaona nije nami niitikie amin."

Swabra akaanza kuomba radhi huku machozi yakimtoka, akawaashiria wanawake wafunge juzuu. Bibi akamzuia mkono.

"Waache wasome," alisema. "Leo mmekuja wengi. Nikifa kweli, sina hakika."