Mstari Chini ya Sifuri

Pale chuo kikuu cha Lund, tasnifu ya udaktari hupigiliwa ubaoni kwa msumari, mbele za watu, kabla mwenyewe hajaitetea. Ya Tuva Hedlund ilikuwa ipigiliwe saa sita mchana. Saa tano, kwenye chumba cha kahawa, profesa wake Sixten aliufungua mchoro mkuu wa tasnifu hiyo akasahau hata andazi lake la mdalasini.

"Tuva wee! Mstari huu wa mitikisiko ya atomi umeshuka chini ya sifuri!"

"Nauona."

"Atomi ni mipira, kati yake springi. Ukiusukuma mpira, springi inaurudisha, ndiyo maana unatikisika. Chini ya sifuri maana yake mpira wako haurudi! Fuwele yenye atomi za hivyo ingeshabomoka zamani. Umekosea hesabu. Utoe."

Autoe! Miaka yote ya masomo yake ilikuwa kwenye mstari huo. Ukitoka, kitabu kinabaki jalada. Ukibaki na kumbe ni kosa, mtahini kutoka Oslo atamuumbua mbele ya mama yake. Tuva aliyajua yote hayo na hakutetereka ng'o. Hesabu alikwisha kuirudia hadi akaichukia.

Akachukua bakuli tupu, akalifudikiza kwenye sinia, akaweka pipi ya mviringo juu yake. Pipi ikaporomoka, ikatulia ukingoni mwa sinia.

"Imebomoka?" akauliza. "Imehama tu. Fuwele ikiwa na joto, mtikisiko unaziweka atomi katikati. Ikipoa zinaegemea: hii kushoto, jirani yake kulia. Mwenzangu Arvid anaipoza maabarani sasa hivi, aipige picha."

"Basi tumsubiri Arvid."

"Wa nini? Hesabu ni yangu, si ya Arvid."

Saa sita ilipogonga, Tuva akaupiga msumari mara mbili, mchoro ukiwa mumo humo kitabuni. Sixten akamnyang'anya nyundo.

"Inatosha! Uache nje nje, tusije tukataabika kuung'oa."

Watu wakacheka. Tuva uso ulimwaka, lakini akasimama palepale.

Mara Arvid akapanda ngazi mbiombio, anahema, picha ya eksirei ya fuwele iliyopozwa mkononi. "Zimeegemea! Kati ya kila doa na doa limezuka jingine. Atomi moja kushoto, jirani yake kulia, vilevile alivyosema Tuva!"

Sixten akaitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Sogea," akamwambia Tuva, akaugongomea msumari ule mpaka kichwa kikazama kwenye jalada.

"Taratibu, mzee," Tuva akasema, "utapasua ubao."