Anza na Macho

Meneja wa mgahawa alileta mashine ya kuchapa chapati za maji zenye picha, akamwamuru mpishi aliyefanya kazi hapo miaka ishirini ahamie kuosha vyombo.

"Mzee, hii inataka msomi."

"Haya, msomi wako aiwashe tuone."

Fundi kijana aliyekuja na mashine akabonyeza. Sura ya meneja ikatoka kwenye chapati na macho meupe kama mzimu. Wahudumu wakaangua kicheko.

Mpishi akamsukuma fundi kando. "Rojo linalotangulia kugusa chuma cha moto ndilo linalokolea rangi. Wewe umeanza na mashavu, macho ukayaacha mwisho. Anza na macho!"

Fundi akabadili mpangilio. Safari hii meneja akajitambua.

"Sasa vyombo ataosha nani?" aliuliza kwa unyonge.

"Mikono si unayo, bosi?" mpishi akajibu, akavuta sufuria ya rojo.