Saruji kwenye Ukuta wa Kanisa

Ukuta wa kanisa dogo ulikuwa umevimba, na zilibaki siku nne tu maandamano ya Juma Kuu yapite chini yake. Fundi Hermógenes alijua kosa ni lake. Mwaka uliopita, mvua ilipomchelewesha, aliupiga plasta ya saruji badala ya chokaa, akaupaka rangi nyeupe kama mji mzima wa Popayán. Ukuta wa matofali ya udongo hupumua, naye aliuziba pua.

"Mama Zoraida, saruji ile niliiweka mimi," alimwambia mtunza funguo.

"Nilijua. Chokaa haing'ai vile. Nilikuwa nangoja uone haya. Ukuta ukimwangukia mtu, utamwambia nini mjane wake? Bandua, mwanaume!"

Alibandua kwa patasi. Kama udongo wa ndani ungekuwa umegeuka tope, kanisa lote lingebomolewa. Bamba la kwanza lilipoanguka, alisukuma kidole ukutani. Hakikuingia. Udongo ulikuwa na unyevu lakini mgumu. Kilichovimba ni saruji peke yake.

Hermógenes alikaa kwenye kifusi akacheka mpaka akakohoa.

"Cheka ukifanya kazi," Zoraida alisema, akijifuta macho kwa aproni yake.

Maandamano yalipita salama kando ya ukuta wa kahawia, uchi. Kosa lile lilimgharimu Hermógenes siku tatu, patasi mbili, ukucha wa kidole gumba, na bega lililoteguka, hivyo mwingine akashika nafasi yake ya kubeba sanamu ya Bikira Maria katika maandamano hayo, nafasi aliyokuwa nayo kwa miaka kumi na tisa.