Mishumaa Miwili ya Dolgogae

Wewe ulipita. Ulipunguza mwendo darajani, ukaona watu ishirini wamesimama kwenye theluji kando ya ziwa, bibi harusi kajifunika koti la mwanamume, ukapandisha kioo ukaenda zako. Basi sikia ulichokikimbia.

Pyo Okbun, mama wa bibi harusi, hakuchagua pale kwa ajili ya picha. Kijiji chake, Dolgogae, kiko chini ya maji yale tangu bwawa lilipojengwa, miaka thelathini sasa. Mama yake mzazi amezikwa kwenye kilima kinachochomoza maji yakishuka wakati wa baridi. Machi ukuta wa bwawa unaongezwa kimo, na kilima hakitaonekana tena. Ofisi ya bwawa haihamishi kaburi hata moja. Inayo karatasi: "Hakuna kaburi lililobaki." Mhuri ni wa aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, Gu Manseok. Na huyo Manseok ndiye baba wa bwana harusi.

Mezani palikuwa na mishumaa miwili, wa buluu na mwekundu. Mama wa pande zote mbili wasipoiwasha, harusi haianzi. Okbun alishika kiberiti, asikiwashe.

"Bwana mkwe, makaburi yalikuwa mangapi?" alimuuliza Manseok.

"Mama Haerim, washa bwana! Watu wanaganda."

"Walioganda mle majini mbona hukuwaonea huruma?"

"Mama, tafadhali," bibi harusi alinong'ona.

"Nyamaza, Haerim. Bibi yako yumo mle."

Manseok alicheka kwa dharau, akamgeukia mkewe. "Washa wako. Tumwache na wazimu wake."

Mkewe, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimjibu, akaweka kiberiti chake mezani. "Wino wa ule mhuri nilikushikia mimi, Baba Taeho. Ulihesabu kwa sauti. Watajie."

Taeho, bwana harusi, alimkazia baba yake macho.

"Kumi na saba," Manseok akasema, kama anayetema jino. "Haya, mmeridhika?"

Mishumaa ikawashwa. Manseok aliondoka kabla ya tambi za harusi kupakuliwa, na kesho yake akakataa kuandika alichotamka. Ofisi nayo ikasema maneno ya mdomoni si ushahidi. Okbun akigusa udongo wa kilima kile, atakamatwa.

Jumamosi hii asubuhi anakwenda kuchimba kaburi la mama yake, amhamishe. Mwanamke mmoja ni rahisi kumkamata, watu mia si rahisi. Chukua koleo. Njoo.