Protini Kwenye Utumbo wa Gwang-sik

Kipande cha utumbo wa Pyo Gwang-sik kilinifikia maabara Jumatatu asubuhi, kimezamishwa kwenye fomalini ya kuhifadhia. Gwang-sik alikuwa akipiga picha za miale, kama eksirei, kukagua mishono ya chuma kilichochomelewa kwenye karakana za meli hapa Ulsan, Korea. Alikuwa ameharisha damu siku kumi, ndipo daktari wa upasuaji akaikata sehemu iliyooza.

Nilikipaka dawa inayogeuka kahawia palipo na protini ambayo seli huitoa zikijeruhiwa ndani kabisa. Upande mmoja ulikuwa kahawia tupu. Upande wa pili, safi. Protini ile peke yake haithibitishi miale, hilo nalijua. Lakini kuhara kwa kawaida hakuchagui upande namna ile. Na beji yake ya kupimia miale ilisoma sifuri.

Daktari Ban, mkuu wa maabara, akaniambia, "Nenda kamuulize wewe. Si mlikulia mtaa mmoja?"

Nikamkuta wodini, midomo imekauka.

"Gwang-sik, ulikaribia miale?"

"Hapana, dada. Nilikula chaza wabichi."

"Chaza gani hao wanaochoma upande mmoja? Usinifanye mtoto."

"Usinichekeshe, nyuzi zitakatika." Akageukia ukutani. "Kile kidonge cha madini kinachotoa miale ya kupigia picha kilinasa kwenye bomba lake. Tukiripoti, kazi inasimama wiki nzima. Basi nikalikumbatia bomba, hapa ubavuni, nikakisukuma. Beji niliiacha kabatini."

"Nani alikwambia uiache?"

"Shemeji."

Shemeji yake, Maeng Il-do, ndiye msimamizi wao.

"Usiandike, dada, nakuomba. Dada yangu wa damu ana watoto watatu kwa yule mtu. Mimi nishaumia tayari, utaniponya kwa kuandika?"

"Aliwatuma wangapi kufanya hivyo?"

Akafumba macho.

"Gwang-sik! Wangapi?"

"Tuko watatu," akasema, akavuta shuka mpaka usoni.

Niliandika ripoti kwa wakaguzi wa miale. Niliharibu fomu mbili kwanza. Jumatano wakaguzi walifunga karakana, Il-do akachukuliwa kuhojiwa. Wale wenzake Gwang-sik wawili waliletwa kupimwa. Mmoja alikuwa mzima. Mwingine, Chu Dae-un, alikuwa akitoa damu siku nne, akimficha mkewe, akijidanganya kuwa ni bawasiri. Tulimwahi.

Ijumaa dada yake Gwang-sik alikuja hadi mlango wa maabara. Hakunisalimu.

"Mama yangu alikulisha wewe," alisema. "Ungemngoja basi hata apone, akaseme mwenyewe."

"Dae-un asingeweza kungoja."

"Dae-un simjui mimi. Mume wangu namjua."

Akaondoka. Nikavaa glavu, nikarudi mezani.

Gwang-sik alikatwa utumbo mara mbili tena. Yu hai, anakunywa uji mwepesi. Nikiingia wodini hujifanya amelala, nami naweka majibu yake mezani na kutoka taratibu.